Kuseti mashine ya mazulia ya manyoya yaliyokatwa: sindano, kulabu na kisu

Zulia la manyoya yaliyokatwa, yaani lile ambalo vitanzi vya uzi vya usoni hukatwa ncha zikabaki wazi, hutengenezwa mahali padogo sana: pale sindano, kulabu na kisu vinapokutana chini ya kitambaa. Mashine inaweza kuwa na upana wa mita 4 au 5, na stendi ya nyuzi ikajaza ukumbi mzima nyuma yake, lakini vyote hivyo vipo ili kuhudumia mahali hapo. Fundi anayeelewa kinachotokea pale hutambua hitilafu nyingi kwa kuyatazama manyoya tu, kabla hajafungua kifuniko chochote.

Sindano hushuka na uzi, hutoboa kitambaa cha msingi na kufika mwisho wa mwendo wake. Inapoanza kupanda, uzi hulegea kidogo ubavuni mwake, na ncha ya kulabu huingia katika ulegevu huo na kukamata kitanzi. Sindano hutoka, kitambaa husogea hatua moja, sindano hushuka tena. Kulabu ya mashine hii huelekeza ncha yake upande kitambaa kinakotokea, kwa hiyo vitanzi haviponyoki. Kitambaa kinaposogea, huvipeleka vitanzi nyuma, kuelekea kooni mwa kulabu. Huko kisu hupanda kikiwa kimeegemea ubavu wa kulabu, na hukata kitanzi kilichotangulia kuliko vyote, kwenye ukingo wa chini wa kulabu. Kitanzi kimoja kikikatwa huwa miguu miwili ya manyoya; mguu wa kitanzi kimoja na mguu wa kitanzi kinachofuata, vikiunganishwa na mshono wa mgongoni, ndivyo kishungi kimoja chenye umbo la U. Kwenye mashine za vitanzi visivyokatwa kulabu hutazama upande wa pili na hakuna kisu, kwa hiyo kitanzi huachia chenyewe.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Kwenye mashine ya vitanzi, ukipunguza uzi unaolishwa, kitanzi hufupika. Kwenye mashine ya kukata, kitanzi kimeshikwa na kulabu na hakiwezi kufupika. Urefu wa manyoya huamuliwa na umbali kutoka kitambaa hadi ukingo wa chini wa kulabu. Uzi ukipungua, unaoumia ni kulabu, sindano na uzi wenyewe. Wengi waliohamia kutoka mashine za vitanzi huendelea kutafuta urefu kwenye rola za kulisha uzi, na hawaupati.

Namba kwanza, spana baadaye

Geji ni umbali kati ya sindano moja na nyingine. Mashine hizi zilikulia Dalton, jimbo la Georgia, na Chattanooga, jimbo la Tennessee, nchini Marekani, ndiyo maana hata viwanda vinavyopima kila kitu kwa milimita bado hutaja geji kwa sehemu za inchi. Geji ya 1/8 ni milimita 3.175, ya 1/10 ni milimita 2.54, ya 5/32 ni milimita 3.97, na ya 5/64 ni karibu milimita 1.98. Geji haibadilishwi kwa kukaza au kulegeza bolti. Sindano, kulabu, visu na vidole vya kitanda kinachobeba kitambaa vyote hubadilishwa kama seti, kwa hiyo ichague kwa kuangalia bidhaa utakayotengeneza kwa muda mrefu. Geji pana hutaka uzi mnene. Ukitia uzi mwembamba kwenye geji pana, kitambaa cha chini kitaonekana kati ya safu kila zulia linapokunjwa kwenye ngazi.

Baada ya geji, amua idadi ya mishono, urefu wa manyoya na uzi, kisha piga hesabu. Chukua mfano wa geji ya 1/10, mishono 40 kwa sentimita 10, manyoya ya milimita 12, na uzi wa dteksi 2,500, yaani gramu 250 kwa kila mita 1,000.

Kwa upana wa mita 1 kuna sindano 394, na kwa urefu wa mita 1 kuna mishono 400. Hivyo mita mraba moja ina vishungi karibu 157,500. Kila kishungi hutumia uzi wa miguu miwili, milimita 24, kisha hatua ya mshono mgongoni, milimita 2.5, na karibu milimita 1 ya kupita kwenye unene wa kitambaa mara mbili. Jumla ni milimita 27.5. Zidisha, utapata karibu mita 4,330 za uzi, au takribani gramu 1,080 kwa mita mraba.

Mashine ya mita 4 katika geji hiyo ina sindano zipatazo 1,575. Ikipiga mapigo 800 kwa dakika, zulia hutoka mita 2 kwa dakika, na kila sindano hula mita 22 za uzi katika dakika hiyo. Koni ya kilo 2 ina mita 8,000 za uzi huu, kwa hiyo itakwisha baada ya saa 6 hivi. Andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike kwenye mashine, kwa sababu utazitumia kupima kila kitu baadaye. Uzito wa zulia ukitoka tofauti na hesabu, kuna jambo umelikosea kwenye mishono, urefu au uzi.

Uzi na kitambaa cha msingi

Kwa manyoya yaliyokatwa, ncha ya kila mguu iko wazi, na uzi usioandaliwa vizuri hufumuka kama brashi. Kwa zulia la ncha zinazoonekana moja moja, tumia uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja na kutiwa joto ili msokoto ukae. Kwa zulia laini lenye uso unaofanana na mahameli, kufumuka huko ndiko kunakotakiwa, na msokoto mdogo unatosha. Mvuke au joto likiwa halikufika sawasawa kwenye shehena yote ya uzi, utaona mistari yenye kivuli tofauti kwenye zulia hata kama mashine haina kosa. Kwa sababu hiyo, usichanganye shehena mbili katika zulia moja, na weka lebo za koni hadi zulia litakapokaguliwa.

Kitambaa cha msingi kwa kawaida ni cha polipropilini iliyofumwa kwa tepe bapa, au cha poliesta isiyofumwa. Kile cha kufumwa ni imara na rahisi, ila sindano ikitua ukingoni mwa tepe husukumwa pembeni kidogo na safu hupinda. Kisichofumwa huipokea sindano mahali popote, na kwa geji nyembamba safu hutoka zimenyooka zaidi. Mshono wa kuunganisha roli mbili ushonwe bapa kadiri inavyowezekana, na mashine ipunguzwe kasi unapopita. Mshono mnene ukipita kwa kasi kamili huvunja sindano nyingi kwa pigo moja.

Kwenye stendi, kila koni inayotumika iwe na koni ya akiba, na mkia wa ile ya kwanza uunganishwe na mwanzo wa ile ya pili. Unganisha kwa hewa pale unapoweza, kwa kuwa fundo kubwa halipiti kwenye tundu la sindano. Nyuzi hupita kwenye mirija ya plastiki kuelekea mashine, nazo husukumwa humo kwa hewa ya kompresa wakati wa kuzipitisha mara ya kwanza. Angalia kila mrija mwisho wake. Mrija uliopasuka au wenye ncha kali huongeza mkazo kwenye uzi mmoja tu, na sindano hiyo moja itakusumbua wiki nzima kabla hujajua chanzo kiko mita 10 nyuma yako.

Kuseti: mpangilio usiobadilika

Zima umeme kwenye swichi kuu, ifunge kwa kufuli, toa hewa iliyobaki kwenye mabomba, na geuza mashine kwa gurudumu la mkono tu. Vaa glavu zinazostahimili makali unaposhika visu. Kisha fuata mpangilio huu: sindano kwa vidole, kulabu kwa sindano, kisu kwa kulabu. Usirudi nyuma kamwe. Anayesogeza kulabu ili ilingane na kisu kilichokaa vibaya anaharibu vitu viwili badala ya kurekebisha kimoja.

Anza na sindano. Kila sindano ishuke katikati ya nafasi kati ya vidole viwili bila kugusa upande wowote. Kitanda cha vidole hivyo ndicho kinachobeba kitambaa sindano inapotoboa. Weka bloku ya kwanza, yaani kipande cha chuma kinachoshika sindano kadhaa pamoja, upande wa kushoto, ya pili kulia, moja katikati, nyoosha uzi imara kati yao au tumia rula ndefu ya chuma, kisha jaza zilizobaki. Kagua sindano moja moja kwa kuishusha polepole. Iliyopinda hata kidogo haifai kunyooshwa. Itupe, kwa sababu chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kitakunjika tena mahali pale pale. Kaza bolti za bloku kwa nguvu inayolingana, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Sasa kulabu. Geuza gurudumu hadi sindano ifike chini kabisa, kisha endelea hadi ianze kupanda. Ncha ya kulabu ipite ubavuni mwa sindano, juu kidogo ya tundu, pale sindano ilipochongwa ikawa bapa. Ikipita chini ya tundu, hakuna kitanzi cha kukamata. Ikipita juu mno, ulegevu wa uzi umeshakwisha au umesokotana, na mishono itarukwa. Umbali kati ya ncha na sindano uwe mdogo kabisa bila kulabu kuisukuma sindano. Kipande cha karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambacho unene wake ni karibu milimita 0.1, ni kipimo kizuri cha mkono: kipite kwa kukwaruza kidogo. Kulabu inayoisukuma sindano itafanya kazi vizuri leo, ila itajichonga ncha, na baada ya siku chache itaanza kupasua nyuzi badala ya kuzikamata.

Kulabu haziendi kwa mstari ulionyooka. Hufuata upinde, kwa sababu zimefungwa kwenye shafti inayotikisika. Kwa hiyo kosa la urefu wa kulabu huonekana pia kama kosa la wakati. Kulabu moja ikichelewa wakati jirani zake ziko sawa, iangalie kwanza kama imekaa sawasawa kwenye bloku. Zikichelewa zote kwa pamoja, rekebisha mkono unaosukuma shafti. Zikichelewa upande mmoja tu wa mashine, tafuta beringi iliyolegea au shafti iliyojisokota. Usitibu hali hiyo kwa kusogeza bloku 40 moja moja.

Sasa kisu, na hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi.

Kisu hufungwa kwenye bloku kwa mwinamo, kiasi kwamba ncha yake ya juu huegemea ubavu wa kulabu kwa msukumo mdogo, kama springi. Mambo manne ndiyo yanayoamua kama kitakata: mwinamo, msukumo, kimo na makali.

Mwinamo ukiwa mdogo mno, kisu hulala bapa kwenye kulabu na ukingo wake haugusi. Kinasugua, kinapata joto, lakini hakikati. Ukiwa mkubwa mno, ni pembe moja tu inayogusa, na pembe hiyo huchimba mfereji kwenye kulabu. Ukitoa kulabu iliyotumika, itazame kwa kioo cha kukuza chini ya taa. Alama ya kisu iwe mstari mwembamba unaong'aa, ulionyooka na wenye upana ule ule juu hadi chini. Mfereji unaosikika kwa ukucha unamaanisha kulabu imekwisha, na kisu kipya utakachokiweka hapo kitakuwa butu ndani ya muda mfupi.

Msukumo uongezwe kwa kusogeza kisu, kamwe si kwa kukikunja. Kipimo chake ni rahisi: kitenge kisu na kulabu kwa kibanio, kiachie, kirudi chenyewe kwa mlio mdogo mkavu. Kikirudi kwa uvivu, msukumo haupo. Ukihitaji nguvu ya kidole kukitenga, umezidi. Msukumo uliozidi ndiyo njia ya mkato inayopendwa na wengi kwa sababu huondoa vitanzi visivyokatwa papo hapo, lakini gharama yake hulipwa kwa seti nzima ya kulabu.

Kimo: kisu kikiwa juu kabisa, makali yake yote yawe yamepita ukingo wa chini wa kulabu, ili uzi ukatike kabisa na usining'inie kwa utembo mmoja. Kikiwa chini kabisa, makali yashuke chini ya kitanzi, lakini pembe ya juu ya kisu ibaki imegusa ubavu wa kulabu. Ikiachana nao, kisu kikirudi juu kitagonga kulabu kwa chini na kumeguka. Hili lipime kwa gurudumu la mkono kwenye kila bloku. Visu vilivyonolewa mara nyingi hufupika, na seti yenye visu vya urefu tofauti haitakaa sawa hata ufanyeje. Noa seti yote kwa kimo kimoja, au itupe yote.

Ukimaliza, paka mafuta mepesi ya mashine kwenye mguso wa visu na kulabu, endesha mashine polepole bila uzi kwa dakika chache ili visu na kulabu vizoeane, kisha futa mafuta yote. Tone moja linalobaki huacha doa jeusi kwenye uzi mweupe.

Urefu, mishono na ulishaji

Kwenye mashine nyingi, urefu wa manyoya hubadilishwa kwa kupandisha au kushusha kitanda, kulabu zikibaki mahali pake. Pandisha kitanda upande wa kushoto na kulia kwa kipimo kile kile, pima katikati pia, kisha rekebisha mguu unaokandamiza kitambaa ili ubaki na nafasi ya kitambaa kupita bila kuruka sindano inapotoka. Mwendo wa sindano nao una mpaka wake. Sindano ikifika juu lazima iwe imetoka kabisa kwenye kitambaa, vinginevyo itakiburuta na kukichana.

Hatua ya mshono hutokana na rola zenye pini zinazovuta kitambaa. Rola ya nyuma iende kasi kidogo kuliko ya mbele, kwa asilimia 1 au 2, ili kitambaa kikae kimekazwa juu ya kitanda. Hesabu mishono mgongoni mwa zulia kwa sentimita 10, sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Zikitofautiana, usiguse gia. Kagua kwanza kama roli ya kitambaa imekaa sambamba na kama breki yake inashika sawa pande zote mbili.

Ulishaji wa uzi upime hivi: tia alama kwenye uzi mmoja pale unapotoka kwenye rola, piga mapigo 100 polepole, pima alama imesogea kiasi gani. Kwa mfano wetu iwe mita 2.75. Ikiwa pungufu, nyuzi zitakaza kulabu kwenda juu, utasikia mlio wa mashine ukibadilika na kuwa mzito, na nyuzi dhaifu zitaanza kukatika. Ikiwa nyingi, mgongo wa zulia utakuwa na vitanzi vilivyolegea, na chini ya kulabu kitanzi kitaning'inia bila kukazwa, kwa hiyo kisu kitakisukuma kabla ya kukikata. Mgongo mzuri una mishono iliyolala bapa ambayo huwezi kuingiza ncha ya sindano chini yake bila kulazimisha.

Kusoma manyoya

Uso wa zulia huangalia chini wakati mashine inafanya kazi, na mwendeshaji huuona mgongo tu. Weka taa na kioo chini ya mahali zulia linapotokea, na kila baada ya mita kadhaa simamisha, kunja zulia juu ya kidole na usome safu.

Vitanzi visivyokatwa kwenye safu moja, tena kila mara, ni kisu kimoja kilichovunjika, kilicholegea au kilicho butu. Vitanzi vilivyotawanyika ovyo kwenye safu nyingi ni seti nzima iliyochoka, au vumbi la nyuzi lililojaa kati ya visu na kulabu. Ondoa vumbi kwanza. Kazi hiyo ni ya dakika 10, ilhali kubadilisha visu ni ya siku nzima.

Miguu isiyolingana ndiyo hitilafu yenye ubishi mwingi. Kwa kuwa kisu hupita ubavuni mwa kulabu na si katikati, mguu mmoja wa kishungi hutoka mrefu kidogo kuliko mwenzake, na kishungi kikawa na umbo la herufi J. Kiasi kidogo hakiepukiki, na kwenye manyoya marefu hakionekani. Kwenye manyoya mafupi huleta mistari ya kivuli inayobadilika ukilitazama zulia kutoka upande wa pili. Kisu butu huikuza sana, kwa kuwa huburuta kitanzi kabla ya kukikata. Kulabu nene huikuza pia. Weka visu vyenye makali, tumia kulabu nyembamba kadiri uzi unavyoruhusu, na tofauti inayobaki iachie mashine ya kunyoa ncha baadaye. Anayejaribu kuifuta kabisa kwa kuongeza msukumo wa visu huishia kuchimba kulabu.

Safu inayokosa kishungi hapa na pale ni mshono uliorukwa: sindano iliyopinda, kulabu iliyo mbali, au uzi usiolegea kwa sababu ya msokoto mkali. Badilisha sindano hiyo kwanza. Ikiendelea, kagua ncha ya kulabu kwa kuipitisha kwenye ukucha. Ikikwaruza, iondoe. Safu nzima iliyotoweka ni uzi uliokatika au koni iliyokwisha, na mashine nyingi zina kihisio cha kuisimamisha, ila kihisio kilichojaa vumbi hakihisi.

Safu iliyozama chini kuliko jirani zake inaonyesha mkazo mkubwa kwenye uzi mmoja, ambao hunyooka kwenye kulabu na kujivuta ukishakatwa, kwa hiyo fuata uzi huo kutoka sindano hadi koni. Ukanda wa upande hadi upande unaoonekana kila mashine iliposimama husababishwa na rola za uzi na za kitambaa kutosimama kwa wakati mmoja. Punguza kasi ya kuanzia, kagua mikanda na breki, na zaidi ya yote punguza idadi ya kusimama. Mistari inayopinda kuwa upinde katikati ya zulia ni kitambaa kinachovutwa zaidi pembeni kuliko katikati, au pini za rola zilizoisha.

Ukiona kitambaa chenyewe kimechanika kwa mstari mrefu, simamisha mara moja. Hiyo ni ncha ya sindano iliyovunjika au kulabu iliyotoka kwenye bloku, na kila mita inayopita haitarekebishika.

Matunzo ya visu na vumbi

Noa visu kwa mashine ya kunolea yenye kishikio kinachodumisha pembe, kwa maji au mafuta ya kupozea. Chuma kilichobadilika rangi na kuwa cha buluu ukingoni kimepoteza ugumu wake, na makali yake hayatadumu. Ondoa utando wa chuma unaobaki upande wa pili kwa jiwe laini, mpigo mmoja tu. Weka daftari la bloku: tarehe ya kubadilishwa, mita zilizopigwa, aina ya uzi. Nyuzi zilizopunguzwa mng'ao kwa chembe za titani dioksidi husaga visu haraka kuliko zinazong'aa, na bila daftari utaendelea kuulaumu ubora wa visu.

Vumbi la nyuzi livutwe kwa mashine ya kufyonza. Hewa ya kompresa hulisukuma ndani ya beringi na kwenye mota, na vumbi lililolundikana karibu na mota yenye joto ni hatari ya moto. Ukilazimika kutumia hewa, mashine iwe imezimwa, vaa miwani, na puliza kutoka juu kwenda chini.

Kukarabati zulia kabla ya gundi

Makosa madogo hurekebishwa kabla zulia halijapakwa lateksi, yaani gundi ya mgongoni, kwa kuwa baada ya hapo vishungi vimeshashikamana na kitambaa. Tandika zulia mezani mgongo juu, weka taa chini yake. Safu inayokosa uzi itaonekana kama mstari wa mwanga. Ijaze kwa bunduki ya mkono yenye sindano moja, kwa uzi wa shehena ile ile, ukitumia idadi ile ile ya mishono. Vitanzi visivyokatwa vifungue kwa mkasi mwembamba upande wa uso, kata katikati ya kitanzi, si pembeni.

Kisha vuta kishungi kimoja kwa vidole. Kwa wakati huu kitatoka kwa urahisi, na hiyo si kasoro: kitambaa pekee hakikishiki. Kinachokishika ni lateksi itakayopenya kwenye mishono ya mgongoni na kuzunguka nyuzi. Kama mishono imelala bapa, lateksi itafika kwenye mizizi ya vishungi. Kama imelegea, lateksi itaishia juu ya vitanzi vya mgongoni na kukauka huko, na zulia litaanza kunyonyoka manyoya chini ya ufagio. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka roli kwenye laini ya gundi, pitisha kiganja mgongoni mwake kutoka ukingo hadi ukingo. Sehemu yoyote yenye vinundu irudishwe mezani.